Neno "Bure" na Ugomvi wa Neema

Ugomvi wa neema na hiari ulitufikia Muze bila majina ya wenyewe. Wengi wetu hatujawahi kushika kitabu cha John Calvin, wala hatujui Arminius alikuwa mtu wa wapi. Lakini kila mwaka, mpunga ukishaingia ndani na mikutano ya injili ikaanza kufunga spika uwanjani, maswali yao huwa yameshafika kabla ya wahubiri. Je, aliyeokoka anaweza kupoteza wokovu? Je, Mungu aliwachagua watakaookoka kabla hawajazaliwa? Na kama aliwachagua, huyu ndugu anayepaza sauti mpaka anakauka koo anamwita nani? Vijana wetu wana majibu katika simu zao, mahubiri wanayorushiana kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Marekani. Wazee wana majibu waliyoyapata katika semina za uamsho. Jumapili wote tunaketi benchi moja.

Hatuandiki makala hii ili kumtangaza mshindi. Tunataka kupima namna mafundisho haya mawili yanavyohubiriwa kwetu bondeni, na kusema pale tunapoona yanahubiriwa vibaya. Tunayo sababu ya kufanya hivyo. Katika ushirika kama wetu jambo hili haliishii kwenye semina; linafika makaburini, kama tutakavyoonyesha.

Tuanze na neno moja dogo, kwa kuwa tunaamini ugomvi mzima umejificha ndani yake. Neno hilo ni "bure". Msomaji afungue Biblia yake ya mwaka 1952 katika Warumi 3:24, ataona kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, na neno "bure" limewekwa hapo katikati. Maana yake ni bila malipo. Kisha afungue Wagalatia 2:21. Hapo Paulo anasema kwamba kama haki ingepatikana kwa sheria, kifo cha Kristo kingekuwa cha bure. Neno ni lile lile, lakini sasa maana yake ni bila faida, hasara tupu. Kigiriki cha Paulo nacho kinatumia neno moja katika aya hizo mbili, na watafsiri wetu walibahatika kulikuta katika Kiswahili neno lenye nyuso mbili zile zile. Kisha kuna 2 Wakorintho 6:1, ambapo Kigiriki kina neno jingine lakini Kiswahili kimerudi kwenye "bure": Paulo anawasihi watu wasiipokee neema ya Mungu bure.

Kwa hiyo neema ni ya bure, na neema inaweza kupokewa bure. Kila mtu anayejua Kiswahili anasikia tofauti. Dawa ya bure zahanati huifurahia mama mwenye mtoto mgonjwa. Mtu bure hakuna anayemtaka awe mkwe wake. Wafuasi wa Calvin wanailinda bure ya kwanza. Wanaogopa kwamba mtu akiambiwa uamuzi wake ndio uliokamilisha wokovu, basi ameshalipa kitu, hata kama ni senti moja, na neema si ya bure tena. Wafuasi wa Arminius wanaiogopa bure ya pili. Wanasema mtu akiambiwa kila kitu kiliamuliwa kabla hajazaliwa, ataipokea neema kama anayepokea mvua akiwa amelala, na itapita juu yake bila faida. Hofu zote mbili zimo katika Maandiko, na zote mbili ni za mtume mmoja.

Historia yenyewe ni ndefu, na sehemu yake kubwa tutaipita haraka. Inafaa tu tukumbuke kwamba ugomvi huu haukuzaliwa Ulaya. Augustino, aliyeutia moto, alikuwa Mwafrika, askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, na alifariki mwaka 430. Alibishana na mtawa Pelagius, aliyefundisha kwamba mwanadamu ana nguvu ndani yake za kutii akiamua. Maaskofu wa Afrika walikutana Karthago mwaka 418 wakalikataa fundisho la Pelagius. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye Calvin, katika kitabu chake kikubwa alichokikamilisha mwaka 1559, alimtegemea Augustino karibu kila alipozungumza juu ya neema. Wanafunzi wa Arminius walipopinga huko Uholanzi, sinodi ya Dort ya mwaka 1618 hadi 1619 ikawahukumu. Hata majirani zetu Wakatoliki, ambao baadhi yetu hudhani hawana habari na mambo haya, waligombana vikali: Wadominiko upande mmoja, Wajesuiti upande wa pili, mpaka Papa Paulo wa Tano mwaka 1607 alipoufunga mjadala bila kutoa hukumu na kukataza upande wowote usiuite upande wa pili wazushi. Tunaipenda hukumu ile ya kutohukumu.

Sasa tuje kwenye mahubiri yetu wenyewe. Tumesikia mara nyingi mhubiri akifunga mkutano kwa kusema kwamba Mungu ameshamaliza sehemu yake na sasa imebaki sehemu yako. Wengine huongeza kwamba Mungu amesema, "Jisaidie nami nitakusaidia." Waumini huitikia amina kwa nguvu. Tumeitafuta aya hiyo kutoka Mwanzo hadi Ufunuo na haimo. Lakini kosa si la kukosa aya tu. Wapo wanaodhani kwamba kusema hivyo ndiko kutetea hiari ya mwanadamu, ndiko kuwa upande wa Arminius au wa John Wesley. Sivyo. Arminius alifundisha kwamba bila neema hiari ya mwenye dhambi imefungwa na haiwezi kuinuka. Wesley alifundisha juu ya neema inayotangulia, ambayo humfikia mtu kabla hajawaza habari za Mungu na kumpa hata uwezo wa kuitika. Kwao wote wawili hakuna "sehemu yako" inayoanza pale neema inapoishia. Anayegawa wokovu kama shamba la nusu kwa nusu, Mungu mbegu na mimi jembe, anamhubiri Pelagius bila kumjua, na maaskofu wa Karthago wangekuwa na neno naye.

Upande wa pili nao haukosi lawama. Vijana kadhaa wenye bidii, ambao tunawapenda na tunawategemea katika kwaya, wamelichukua neno "kuchaguliwa" wakalivaa kama beji. Hapa lugha yetu imewaponza. Kwetu nyumbani kuchagua ni kazi ya ungo: mama anachagua mchele, anatupa mawe na chuya, zinabaki punje nzuri. Kuchagua ni kutafuta kilicho bora. Na mwaka wa kura, anayechaguliwa ni aliyejinadi vizuri. Mtu akiingia na maana hizo katika Waefeso 1 atatoka akiamini kwamba Mungu alimwona yeye ni punje nzuri kati ya chuya. Lakini Musa aliwaambia Israeli katika Kumbukumbu la Torati 7 kwamba hawakuchaguliwa kwa wingi wao, kwa kuwa walikuwa wachache kuliko wote. Na Calvin mwenyewe asingewavumilia vijana hawa. Mji wa Geneva chini ya uongozi wake ulikuwa na baraza la wazee, lililoanzishwa mwaka 1541, lililowaita watu kujibu kwa ugomvi wa nyumbani, ulevi na kucheza kamari. Yeyote anayedhani fundisho la Calvin ni ruhusa ya kuishi atakavyo kwa sababu ameshachaguliwa angepata barua ya wito kabla ya Ijumaa.

Kuna jambo jingine ambalo linatushangaza zaidi, nalo ni letu sote. Mtu yule yule anayesema uwanjani kwamba Mungu hamlazimishi mtu, akifika msibani anageuka. Mtoto amefariki kwa malaria, au kipindupindu kimepita bondeni kikaondoka na baba wa watoto watano, na tunasikia: siku yake ilikuwa imefika, ajali haina kinga, kazi ya Mungu haina makosa. Hakuna mfuasi wa Calvin tunayemfahamu aliyefika mbali hivyo. Wao hufundisha kwamba Mungu hutimiza makusudi yake kwa kutumia njia, na maji yaliyochemshwa ni njia, na chandarua ni njia, na kwenda zahanati mapema ni njia. Sisi tunaruka njia zote na kumbebesha Mungu mzigo moja kwa moja. Tukiulizwa juu ya wokovu, sisi ni watu wa hiari. Tukiulizwa juu ya kifo, hatuna hiari hata ya kuchimba choo. Tunadhani ingefaa walimu wetu wa semina wauanzie hapo, maana hapa imani yetu ya kweli inasikika kuliko inavyosikika katika mijadala.

Na sasa makaburi. Kila ushirika bondeni unajua msiba wa namna hii. Mtu alibatizwa, akapata kipaimara, akaimba kwaya, pengine alikuwa hata mzee wa kanisa. Kisha akaoa mke wa pili, au akazama katika pombe, au akaishi na mwenzake bila ndoa, akatengwa na meza ya Bwana. Alikuwa akisema atarudi kundini, mwaka huu, mwaka ujao, mavuno yakikaa vizuri. Akafa kabla hajarudi. Usiku ule ule baraza la wazee linaketi. Mchungaji atavaa joho au atakuja na shati la kawaida? Kengele itapigwa? Kwaya itaimba? Jeneza litaingia kanisani au litapita nje na kwenda moja kwa moja makaburini? Familia iko kwenye majamvi inasubiri, na mjane anawatazama wazee wanavyotoka kwenye kikao ili asome nyuso zao.

Katika vikao vya namna hiyo tumesikia mafundisho yote mawili yakisemwa, na ndipo tulipoanza kuwa na mashaka na namna yote mawili yanavyotumiwa. Mmoja anasema: ndugu huyu alipoteza wokovu wake. Mwingine, aliyelishwa na yale mahubiri ya kwenye simu, anasema: hapana, aliyeokoka kweli hawezi kupotea, ndugu huyu hakuwahi kuokoka. Wanabishana mpaka taa inaisha mafuta. Lakini msomaji asikilize vizuri. Kwa majibu yote mawili marehemu yuko mahali pamoja. Kwa jibu la kwanza aliingia mbinguni kisha akatoka. Kwa la pili hakuwahi kufika mlangoni. Kwa mjane aliyeketi nje, ugomvi huo mkubwa wa karne kumi na sita haujabadilisha kitu hata kidogo. Mafundisho mawili yaliyotungwa ili mtu aseme juu ya deni lake mwenyewe mbele za Mungu yamegeuzwa kuwa njia mbili za kusomea hukumu ya mtu mwingine ambaye hawezi tena kujibu.

Tunasema yalitungwa ili mtu aseme juu ya deni lake, na hatusemi hivyo kwa kubahatisha. Augustino alianza kwa kuungama maisha yake. Paulo alipoandika Warumi 8, kwamba hakuna kitakachotutenga, alikuwa anawapa moyo watu walioteswa. Hakuwa anaandaa orodha ya walio nje. Na mwandishi wa Waebrania, ambaye sura yake ya sita hutumiwa kila mara kuwatisha waliorudi nyuma, baada ya maneno yale makali anageuka katika aya ya tisa na kuwaambia wasomaji wake kwamba kwa habari zao anatarajia mambo mema. Aya ya tisa hatuisikii ikihubiriwa.

Ili kuona jinsi watu wakubwa wanavyoweza kugombana juu ya jambo hili na bado wakazikana, inafaa tuwakumbuke Wesley na George Whitefield. Kisa chao kinatuhusu sisi Wamoravian kuliko tunavyodhani, kwa kuwa Wesley alipata mwanga wake wa mwaka 1738 kwa msaada wa ndugu zetu, na alijifunza kwetu desturi ambayo leo tunaionea haya kidogo: kupiga kura ili kujua mapenzi ya Mungu. Wazee wetu wa Herrnhut walipiga kura juu ya safari za umisheni na hata juu ya ndoa.

Mwaka 1739 Wesley alihubiri Bristol mahubiri aliyoyapa jina ambalo kwa Kiswahili ni Neema ya Bure. Hoja yake ya kwanza dhidi ya fundisho la kuchaguliwa ilikuwa kwamba, kama ni kweli, basi kuhubiri kote ni bure. Msomaji ataona kwamba nyuso zetu mbili zimekutana: katika jina la mahubiri ni bure ya zawadi, katika hoja ni bure ya hasara. Ni mahubiri yenye nguvu, na hayana adabu sana. Wesley alifika kusema kwamba fundisho lile linamwonyesha Mungu kuwa mbaya kuliko shetani. Hapo alivuka mpaka, kwa maoni yetu, kwa sababu alijua wazi kwamba rafiki yake Whitefield aliliamini fundisho hilo na alikuwa akilia machozi akiwaita wenye dhambi. Kabla ya kuyachapa Wesley alipiga kura, na kura ikasema ahubiri na achape. Yaani mtetezi wa hiari aliutafuta uamuzi wake kwenye kura! Whitefield alimjibu kwa barua aliyoiandika tarehe 24 Desemba 1740 akiwa Bethesda, nyumba yake ya yatima huko Georgia. Hoja yake bora ni ile inayojibu neno "bure": tunawahubiri wote kwa kuwa hatujui aliyechaguliwa ni nani, na kuhubiri ndiko njia ambayo Mungu amechagua kuitumia. Tunaona jibu hilo linatosha kwa hoja ile moja. Lakini Whitefield naye alifanya kosa. Aliifichua habari ya kura, ambayo ilikuwa siri kati yao, ili kumwaibisha mwenzake, na baadaye alimwomba radhi.

Wanafunzi wao hawakupatana kirahisi, na makundi yakagawanyika. Hata hivyo Whitefield alipofariki Marekani tarehe 30 Septemba 1770, ilijulikana kwamba alikuwa amependa Wesley ndiye ahubiri mahubiri ya msiba wake. Wesley alihubiri London mwezi Novemba mwaka ule. Alisimama mbele ya waumini wa Whitefield, akataja yale waliyokubaliana, na yale waliyotofautiana akayaacha, akisema ni mambo ambayo ndugu wanaweza kuvumiliana. Wapo wafuasi wa Calvin waliomshambulia kwa hilo. Walisema amemzika mtu bila kulitaja fundisho alilolipenda kuliko yote. Tunaelewa uchungu wao. Kumsifu marehemu kwa kuyanyamazia aliyoyaamini si jambo dogo. Lakini kati ya kosa hilo na kikao cha usiku tulichokieleza hapo juu, tunajua ni kosa gani tungependa lifanyike kwetu.

Tusiwapambe, hata hivyo. Whitefield, mhubiri wa neema isiyo na malipo, aliomba Georgia iruhusu utumwa, na sheria ilipobadilishwa mwaka 1751 aliwatumia watumwa katika kuilisha ile nyumba ya yatima. Ndugu zetu Wamoravian walikuwa na watumwa katika shamba lao huko St. Thomas wakati wanawahubiria watumwa hao hao uhuru wa Mwana-Kondoo. Wesley aliandika dhidi ya utumwa mwaka 1774, na tunampa heshima yake, ingawa hatuwezi kusema kwamba fundisho la hiari ndilo lililomfumbua macho, maana wengi waliolishika pamoja naye waliendelea kununua watu.

Tumelitaja jambo la utumwa kwa kuwa neno letu la "ukombozi" lilipita huko. Katika Warumi 3:24 neno hilo limekaa jirani kabisa na "bure", na wahubiri wetu hulitamka bila kukumbuka kwamba katika nchi hizi, miaka mia moja na arobaini tu iliyopita, kukomboa kulikuwa kutoa vitambaa au fedha na kuondoka na mtoto. Mapadre Weupe walifika Karema, kule kwenye Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Shirika lao lilikuwa limeanzishwa Algeria mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, katika nchi ile ile ya Augustino. Walikomboa watoto kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa, wakawalea na kuwaozesha katika vijiji vya misheni. Na Augustino mwenyewe, katika barua iliyopatikana na kuchapishwa katika karne iliyopita, anaeleza jinsi waumini wa Hippo walivyowaokoa watu kama 120 mikononi mwa wafanyabiashara waliokuwa tayari kuwapakia melini. Mwalimu wa neema alijua ukombozi unafananaje ukiwa na majina na nyuso.

Hapa Ufipa wazee wanamkumbuka Adrian Atiman wa Karema. Alitekwa akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na mapadre Algeria, akabatizwa mwaka 1882, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alitibu watu na kufundisha dini huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67. Wahubiri wa pande zote mbili wangeweza kumtumia. Mfuasi wa Calvin angesema: mtoto hakuulizwa; alinunuliwa kwanza, na yote mema yalifuata bei iliyolipwa na mwingine. Mfuasi wa Arminius angesema: hakuna anayeweza kumlazimisha mtu kukaa kando ya vitanda vya wagonjwa miaka 67, hiyo ni hiari, na neema haikupokewa bure. Tunaona wote wangekuwa wamesema kweli.

Lakini mfano huu una mpaka wake, nasi hatutaki kuuficha. Mtoto aliyekombolewa na misheni hakuwa huru kwenda popote alipotaka. Misheni ndiyo iliyomlea, ikamwoza, ikamwonyesha mahali pa kujenga. Aliyelipa bei alibaki na mamlaka. Ndiyo maana fundisho la neema isiyoweza kupingwa linatukaba kidogo kooni, sisi watu wa bara hili, hata pale hoja zake zinapokuwa imara. Tunamwamini Mungu kuwa si kama wale walionunua. Lakini anayelihubiri fundisho hilo kwetu ajue kwamba masikio yetu yana kumbukumbu. Na anayeihubiri hiari ajue vilevile kwamba mtoto aliyefungwa kamba jangwani hakuwa na "sehemu yake" ya kufanya ila kutazama ni nani anakuja.

Kanisa letu limesemaje juu ya haya yote? Waumini wengi hawajui kwamba waraka uitwao Msingi wa Umoja, uliopokelewa na Sinodi ya Umoja mwaka 1957, unaitambua Katekisimu Ndogo ya Luther na pia Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, ambayo ni ya nyumba ya Calvin, na Vifungu 39 vya Waanglikana. Waraka huo unasema pia kwamba siri ya Yesu Kristo haiwezi kumalizwa na akili ya mwanadamu yeyote. Wapo wanaouona huo kuwa woga wa kuchagua upande, na tumewahi kusikia kijana akisema kanisa lisilo na upande halina mafundisho. Tungemjibu hivi: Paulo katika Wafilipi 2:12 anawaamuru watu waufanyie kazi wokovu wao kwa hofu, na katika aya ya 13 anasema Mungu ndiye afanyaye kazi ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao. Hakuweka hata nukta ya kupumzika kati ya mambo hayo mawili. Kanisa lisilozitenganisha aya hizo limeamua kwamba zikae pamoja, nasi tunaona huo ni uamuzi wa kutosha.

Mahali ambapo kanisa letu lina upungufu ni katika utaratibu wa maziko. Nidhamu ya kutenga tunaiunga mkono. Bila hiyo neema kweli ingepokewa bure, na wake waliotelekezwa wangeuliza kanisa lilikuwa wapi. Lakini kutengwa ni kwa ajili ya aliye hai, ili arudi. Mwenyewe akishakufa, nidhamu imekosa mtu wa kumrudisha, na kinachobaki ni adhabu kwa mjane na watoto. Tumependekeza mbele ya baraza letu kwamba mtu aliyetengwa akifariki, azikwe na kanisa, kwa sala, na mhubiri wa siku hiyo akatazwe kutamka lolote juu ya mahali alipo marehemu, liwe baya au zuri. Wazee wawili walipinga. Mmoja alisema waliovumilia na kushika ndoa zao watavunjika moyo. Ni hoja ya yule ndugu mkubwa katika Luka 15, na ndugu yule, tukumbuke, hakuwa mwongo. Kweli alikuwa amefanya kazi miaka yote ile.

Jambo hilo halijaamuliwa. Daftari la ushirika lina safu ya mwisho ambapo, pembeni mwa jina la marehemu wa namna hii, huandikwa kwamba alifariki akiwa ametengwa. Kwa sasa, wakati baraza likiendelea kushauriana, katibu amekubali safu hiyo isiandikwe kitu.